Zuhura, ile leza haiunguzi

Bombo,
Jumapili jioni

Mpendwa Zuhura,

Salaam aleikum. Barua yako ilinikuta na uzi mdomoni, nikaona haya, maana uzi huohuo ndio ulionitia taabuni. Miaka kumi na tisa ya cherehani nakata uzi kwa meno, taya lingenyamaza vipi?

Umeuliza kama leza niliyotibiwa nayo maumivu ya taya inaunguza, maana nawe taya linakuuma. Hata joto haina. Tulivaa miwani ya kukinga macho, mimi na daktari, kisha akagusisha kitu mfano wa kalamu nene shavuni, penye ule msuli unaotuna ukiuma meno, na hapa kwenye panja. Kila alipopapasa akakuta fundo gumu alitulia dakika moja hivi. Nilikuwa bado nangoja nihisi kitu aliposema, "Tumemaliza, mama." Nguvu yake haifiki hata nusu wati.

Anasema mwanga unanyonywa ndani ya seli, pale zinapotengenezea nguvu zake, ndipo msuli uliochoka unapata ahueni. Na jambo hili la mwanga lilijulikana kwa bahati tu. Mwaka 1967, huko Budapest, daktari Endre Mester aliwanyoa panya akawamulika leza aone kama italeta saratani. Saratani haikuja; manyoya ndiyo yaliota upesi. Nikamwambia basi animulike na hapa mbele, misuko imenila nywele!

Nimekwenda mara sita, elfu hamsini kila mara, nauli ya taksi mpaka Kampala mbali. Sasa napiga miayo bila kushika shavu. Lakini siku ileile ya kwanza alinikataza kukata uzi kwa meno, nitumie mkasi, akanikataza muwa, muchomo, yaani nyama choma, na mahindi ya kuchoma, akaniambia nikande kwa kitambaa cha moto, na nikiwa kimya midomo ifumbe ila meno yasigusane. Nimefuata yote. Je, kilichonitibu ni mwanga au mkasi? Nilimuuliza, hakunificha: katika majaribio mengine waliomulikwa walipona zaidi ya wale waliowekewa mashine iliyozimwa bila kujua, katika mengine wote walipata nafuu sawa.

Kwa hiyo usiuze mbuzi upande basi usiku kucha kutoka Arua. Anza na mkasi na kitambaa cha moto, wiki mbili tatu. Ukiona uvimbe, homa, au kinywa hakifunguki, hapo usingoje, nenda hospitali.

Na huyo anayetaka kukung'oa gego, mwambie alipige picha kwanza, akubonyeze na shavu. Maumivu ya msuli huu hujifanya jino, mara sikio. Mimi niling'olewa gego zima kabla sijalijua hilo. Pengo ninalo, na maumivu yalibaki palepale.

Gomesi yako imebaki mikono na mshipi. Nitumie kipimo cha kiuno cha sasa, si kile cha kabla ya mapacha.

Wako,
Halima