Programu za kuchora bodi na skrini za 768

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niongee na hawa jamaa wanaotengeneza programu za kuchora bodi za saketi, na pia niwape moyo wanafunzi na mafundi wanaopambana nazo kwenye vilaptopu vya pikseli 1366 kwa 768. Kila mtu akiuliza mbona dirisha halienei, jibu ni lile lile, nunua monita kubwa. Sasa hilo nalo ni jibu? Mwenye hela ya monita asingeuliza.

Wengi wanadhani shida ni inchi. Inchi sio ishu sana, ishu ni pikseli, tena zile za kwenda juu. Mwaka 1990 IBM tayari walikuwa na kiwango cha 1024 kwa 768, enzi za monita za chogo, na mpaka leo kuna laptopu za bei ya chini zenye kimo kile kile cha 768, kilichoongezwa ni upana tu, ambao unamfaa zaidi anayeangalia muvi. Toa hapo upau wa chini wa Windows, toa kichwa cha dirisha, menyu, mstari wa vitufe na ule wa chini unaoonyesha kodineti, unabaki na kama pikseli 550 hivi za kufanyia kazi. Na kama Windows imewekwa ikuze kila kitu kwa asilimia 125 ndio balaa kabisa, skrini inakuwa kama ya 1093 kwa 614 hata kabla hujatoa kitu, kwa hiyo cha kwanza kabisa rudisha hiyo iwe 100, macho yatazoea.

Piga hesabu ndogo. Bodi yenye kimo cha milimita 80 ukitaka uione yote kwenye pikseli 550, kila milimita inapata chini ya pikseli 7, yaani njia ya shaba ya milimita 0.2 haifiki hata pikseli mbili, na nafasi kati yake na jirani yake ni hivyo hivyo, huwezi kujua zimegusana au hazijagusana. Inabidi uvute karibu, ukivuta karibu zile nyuzi nyembamba zinazokuonyesha pini hii iende wapi zinatoka nje ya skrini, unarudi nyuma, unavuta tena, siku inaisha. Ila niwe mkweli, hili silalamikii sana, maana hata mwenye skrini ya 1920 kwa 1080 anavuta karibu tu kama wewe, tofauti ni mara ngapi.

Ninacholalamikia ni madirisha madogo ya mipangilio. Unafungua dirisha uweke upana wa njia au sheria za nafasi, linakuja refu kuliko skrini yenyewe, kitufe cha OK kiko huko chini hukioni, huwezi kulipunguza, huwezi kuskroli. Hapo skrini yako haina kosa lolote, kuna mtu alichora dirisha akiwa mbele ya monita kubwa na hakuwaza kuna mwenye ndogo.

Kwa waliokwama hapo: mara nyingi Enter inafanya kazi ya OK hata kama kitufe hakionekani, jaribu hiyo kwanza. Ikigoma, kwenye Windows bonyeza Alt na Space, halafu M, kisha tumia mishale kulisukuma dirisha juu mpaka vitufe vitokee. Kwenye Linux nyingi unashikilia Alt, au kile kitufe chenye nembo ya Windows, unaburuta dirisha popote ulipolishika. Linux zinazotumia mfumo wa picha wa X11 zina pia amri ya xrandr ambayo inaweza kuchora eneo kubwa zaidi na kulibana liingie kwenye skrini yako, maandishi yanakuwa na ukungu ukungu lakini OK unaiona, ukimaliza unarudisha.

Kingine, acheni kutegemea vitufe vya pembeni. Kwenye KiCad, mojawapo ya programu hizi, M inasogeza, R inazungusha, X inaanza njia, V ukiwa unachora njia inaweka via (kitundu cha kupitisha njia kwenda upande mwingine wa bodi), ukizizoea hizo unaficha paneli zote na bodi inapata skrini karibu nzima. Programu nyingine, Eagle, ilikuwa tamu kwa hili maana ulikuwa unaandika amri tu, MOVE R5 na kipande kinakufuata kwenye maus, bahati mbaya Autodesk walioinunua 2016 walitangaza kwamba mwisho wake ni Juni 2026. Mchoro wa saketi nao usiurundike kwenye karatasi moja ya A3, ugawe A4 kadhaa, pawa peke yake, prosesa peke yake. Na usilazimishe mchoro na bodi vikae ubavu kwa ubavu, kila kimoja kipe desktopu yake, Ctrl na kitufe cha Windows na mshale unahama.

Narudi kwa watengenezaji. KiCad ilianzishwa 1992 na Jean-Pierre Charras, akiwa mwalimu kule Grenoble, wakati monita nyingi zilikuwa ndogo kuliko hizi zetu kwa pikseli, na watu walichora bodi zikafanya kazi. Leo ni ya bure, CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, walianza kuichangia 2013, na kwa sababu ni ya bure ndio inayokimbiliwa na mwenye laptopu ya bei poa. Imejengwa juu ya wxWidgets, maktaba ya kodi ya kutengenezea madirisha, na hiyo wxWidgets ina njia tayari ya kulipa dirisha lililozidi skrini upau wa kuskroli, sio kitu cha kwenda kubuni upya. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kutoa toleo, mtu mmoja afungue kila dirisha kwenye skrini ya 768, aone kama OK inafikika.

Na ninyi mnaoumia msikae kimya. Programu ikiwa huria ina sehemu ya kuripoti hitilafu, pelekeni picha ya skrini, andikeni ukubwa wa skrini kwa pikseli, asilimia ya kukuza na toleo la programu, maana ripoti inayosema tu "dirisha kubwa" hakuna wa kuihangaikia.

Msomaji wenu, fundi elektroniki