Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wanablogu wa Kiswahili hapa Uganda,

Taarifa hii niliiandika nikitarajia kuisoma mbele ya watu 30. Jumamosi ya tarehe 13 Desemba, kwenye mkutano wetu, mlifika 14. Akidi yetu ni 15, kwa hiyo tulikaa tukimsubiri mwenzetu mmoja aliyesema kwenye simu kwamba yuko juu ya boda, anapita Wandegeya. Alifika saa tisa na nusu, chai ikiwa imekwisha. Sasa naituma kwa wote 46, wakiwemo wale ambao hadi leo wako njiani.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vikao 12 vilipangwa, vikafanyika 5. Siku ya Kiswahili, 7 Julai, tuliiadhimisha Old Kampala kwa mashairi na maandazi. Mafunzo yalikuwa mawili. Wanachama wapya 6, waliojitoa 3, na mmoja ameolewa Mombasa, hatujajua tumhesabu wapi.

Nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana pembeni, na mara moja tu mbele yangu: safari ya Nairobi.

Mwezi wa Agosti, tarehe 6 hadi 9, Nairobi ilipokea Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa watu wanaoandika Wikipedia na miradi ndugu zake. Afrika mkutano huo ulikuwa umefika mara mbili tu, Alexandria mwaka 2008 na Cape Town mwaka 2018. Safari hii ulikuja mahali ambapo mtu wa Kampala anapanda basi jioni na kuamkia huko. Kamati tendaji ikaamua kupeleka watu wawili. Waliokwenda ni Katibu na mimi.

Najua maneno yaliyofuata. Kwamba Mwenyekiti alijichagua. Ukweli ni huu: jambo lililetwa kwenye kikao cha Mei, wakaja watu 9. Likaletwa tena Juni, wakaja 7, na wawili wakaondoka kabla hatujalifikia. Mnataka niulize nani? Tulimtaka pia dada yetu wa Arua, ambaye kwa kalamu anatushinda wote, nalisema bila kinyongo. Kitambulisho chake cha taifa kilikuwa bado kwenye foleni ya kuhuishwa, na bila hicho wala pasipoti huvuki mpaka wa Kenya pale Busia. Mimi changu kilikuwa tayari. Hilo nalo limekuwa kosa.

Gharama: shilingi 1,740,000, yaani nauli, malazi na chakula cha watu wawili. Mapato yote ya mwaka, pamoja na salio la mwaka jana, ni 2,630,000. Hesabu mtazipiga wenyewe, ni kama theluthi mbili, sikatai. Ukumbi, chai na matumizi madogo vilikula 610,000, zimebaki 280,000. Humo hamna 300,000 nilizotoa mfukoni mwangu, ambazo sijazidai na sitazidai, ila naona ni haki zijulikane.

Hoja kubwa ya wanaolalamika ni kwamba mkutano ule ulirushwa mtandaoni bure, na kila mtu angeutazama akiwa kwake Ntinda au Kabalagala. Hoja hii ina uzito, na nimeifikiria zaidi ya wanavyodhani. Nasema hivi. Kwanza, bure ya mtandaoni hapa Uganda ina bei. Tangu Julai 2021 bando tunalonunua lina kodi ya asilimia 12 juu yake, iliyochukua nafasi ya zile shilingi 200 kwa siku za kodi ya mitandao ya kijamii tulizoanza kulipa mwaka 2018. Tazama video siku nne mfululizo halafu uniambie umetumia nini. Pili, katika wote waliosema wangetazama, nimeuliza nani alitazama. Mmoja. Dakika arobaini, umeme ukakatika.

La tatu ndilo kubwa. Mihadhara yenyewe, nikiri, si yote iliyotufaa. Mingine ilikuwa ya waandishi wa programu, na Katibu ni shahidi kwamba siku ya pili alasiri nilisinzia. Kama faida ya mkutano ingekuwa kwenye jukwaa tu, wanaolalamika wangekuwa na haki. Lakini faida iko kwenye foleni ya chakula. Kwenye foleni hiyo ndugu mmoja Mtanzania aliniuliza, kwa upole kabisa, zile picha za maporomoko ya Sipi kwenye blogu zetu tumezitoa wapi. Nikasema, mtandaoni. Akacheka. Akakaa nami saa nzima akinieleza leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ambazo mwenye kazi huwapa wengine waitumie, mambo ambayo miaka yote nimekuwa nikiyaona kama herufi za mapambo chini ya picha. Kumbe BY maana yake tumia utakavyo, mradi umtaje mpigaji. SA inakutaka ukiibadilisha kazi yake uitoe kwa leseni ile ile. NC inakataza biashara, na blogu yenye matangazo haijitoi kirahisi katika neno biashara. Picha isiyo na alama yoyote si ya bure. Ina mwenyewe, hata kama humjui.

Kiswahili kina Wikipedia yake tangu 2003. Niliokutana nao wakiiandika walikuwa wa Tanzania na Kenya, na kila mmoja aliniuliza, Waganda mko wapi? Sikuwa na jibu la kuwaambia isipokuwa kuandika jina langu kwenye karatasi yao.

Niliporudi nilizipitia picha zetu. Nilikagua 212, na 140 hazikuwa na chanzo. Nyingine nilizitambua, ni za watu tunaosalimiana nao mjini. Hakuna aliyetushtaki bado, tushukuru Mungu. Septemba tukafanya mafunzo ya jambo hili hili, bila ada, Ntinda, Jumamosi asubuhi. Walikuja 8. Swali la kwanza lilikuwa kama kuna nauli ya kurudishiwa. Hawa wanane leo wanaandika chanzo chini ya kila picha, wawili wanapakia picha zao wenyewe Wikimedia Commons, ghala la picha huru la mtandaoni, na hao, niseme, hawajasema neno baya kuhusu Nairobi.

Kuna jambo lingine ambalo wazee wa chama wanalikumbuka. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima, wenzetu watatu waliendelea kuchapisha. Vipi? Simu za kawaida zilikuwa zinapita. Walimpigia mtu Nairobi na mwingine Dar es Salaam, wakawasomea habari neno kwa neno, wale wakaandika na kuweka kwenye blogu za wenzetu. Sasa, nywila yako utampa mtu uliyemwona kwenye skrini? Watu hao walikuwa wamekutana nao mkutanoni kabla ya hapo, wakala nao nyama, wakalala hosteli moja. Sijui nieleze vipi zaidi.

Tena tunajua gharama ya kutokwenda. Jukwaa la Uhuru wa Intaneti Afrika, mkutano wa kila mwaka unaoandaliwa na shirika la CIPESA, lilianzia hapa hapa Kampala mwaka 2014. Miaka ile ya mwanzo lilikuwa mlangoni petu, teksi moja tu, tukasema tutakwenda mwakani. Halafu likaanza kuzunguka bara. Mwaka 2023 lilikuwa Dar es Salaam, 2024 Dakar, na mwaka huu Windhoek. Sasa linataka ndege. Nafasi za ufadhili zipo katika mikutano mingi ya namna hii, ila fomu zinafungwa miezi kadhaa kabla. Kiungo cha fomu mbili nilikiweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Kilipata vidole gumba sita. Waliojaza ni mimi peke yangu, na sikupata.

Nabakiwa na la tovuti, maana najua linasubiriwa. Ni kweli kwamba tukiwa Nairobi jina la tovuti ya chama liliisha muda na tovuti ikalala siku 11. Si kweli kwamba pesa zake ndizo zilizotupeleka Nairobi. Tangazo la kulipia lilikuwa likienda kwenye baruapepe ya Katibu wa zamani, ambaye haifungui tena. Nilipaswa kubadilisha anwani hiyo nilipokabidhiwa ofisi, sikubadilisha, hapo nakubali. Tulilipa siku tuliporudi, na hakuna makala iliyopotea.

Kuhusu ada nitasema kidogo kwa sababu nimesema kila mwaka. Ada ni shilingi 60,000, yaani 5,000 kwa mwezi, bei ya rolex mbili, zile chapati za mayai, na soda. Waliomaliza ni 17, waliolipa nusu ni 9, na 20 hawajatoa hata senti. Nimeipitia orodha ya walionihoji kuhusu Nairobi. Mhazini amenizuia kuisoma na nimemtii, lakini orodha hizi mbili zinajuana.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupeleka watu zaidi kwenye mikutano, wakiwemo vijana na wale wa Arua na Mbale, na huenda tukaandaa kakongamano ketu wenyewe hapa Kampala, wadau wakijitokeza. Mazungumzo na ukumbi mmoja yameanza. Tarehe bado.

Uchaguzi wa viongozi uliahirishwa kwa sababu baada ya saa kumi tulibaki 11. Anayetaka kiti hiki aandike jina lake kwa Katibu kabla ya mwisho wa Januari, akiwa amelipa ada. Kitabu cha risiti kiko kwa Mhazini, na namba yake ya kutumiwa pesa ni ile ile.

Mwenyekiti,
Kampala