Barua kwa mwanangu: Na dereva je?

Moshi, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, goti limepoa. Ile flashi uliyotuachia tumeichomeka jana, tukaangalia ile tamthilia ya mpelelezi Sherlock, sehemu ya kwanza, mdogo wako akinitafsiria pale Kiingereza kinapokimbia. Leo nimeshinda nayo kichwani kijiweni.

Yule daktari wa jeshi aliyerudi kutoka Afghanistan na mkongojo wake nilimpenda papo hapo. Na Sherlock anavyoishika simu ya daktari, anaona mikwaruzo pale pa kuchomekea chaji, anajua aliyekuwa nayo kabla ni mlevi! Hapo nilimwomba mdogo wako arudishe nyuma nione tena.

Lakini kilichonishika ni teksi. Sherlock na daktari wanadhani muuaji wanayemtafuta yumo ndani, wanaikimbiza usiku, wanakata vichochoro vya London, wanaruka mapaa, mpaka wanaipata. Wanafungua mlango, wanamkagua abiria: Mmarekani, mgeni, ndiyo kwanza anaingia mjini. Basi, wanaiacha. Nikasema kwa sauti, "Na dereva je?" Mdogo wako akacheka. Baadaye hakucheka tena.

Mama, miaka kumi na tisa niko kwenye usukani. Kutoka uwanja wa ndege wa KIA mpaka mjini watu wanaongea nyuma yangu habari za talaka, za mirathi, za mgonjwa wa hospitali ya KCMC ambaye hajaambiwa anaumwa nini, kana kwamba gari linajiendesha. Walioandika tamthilia ile wanalijua hilo. Kwa hiyo sikukasirika kwamba muuaji ni dereva teksi. Kilichoniuma ni sababu yake. Mshipa wa damu kichwani mwake umevimba, siku yoyote utapasuka, na kwa kila anayekufa kuna mtu anawawekea watoto wake pesa. Picha yao ameiweka ndani ya gari, upande wa mama yao umekatwa. Yako ya kipaimara iko hivyo hivyo kwenye gari langu, juu ya redio.

Mdogo wako ananiambia hata hadithi ya zamani ya Conan Doyle, aliyemtunga Sherlock, ya 1887, muuaji wake ni dereva, wa gari la farasi, naye ana ugonjwa wa mshipa. Ila yule analipiza kisasi cha mwanamke aliyempenda. Uchungu wa namna hiyo naweza kuuelewa. Huyu anamwekea abiria chupa mbili, kila moja na kidonge chake, kimoja kina sumu, achague, ili watoto wake yeye dereva wapate pesa. Ada yako niliitafuta usiku kwa usiku, unakumbuka, siku nyingine narudi na elfu nane. Nilipoiona ile picha nilitoka, nikaenda kukaa kwenye gari peke yangu.

Sehemu ya pili hatujaigusa, tunakungoja Krismasi. Ukishuka stendi usichukue bodaboda, nipigie nije. Na safari hii usikae nyuma, kaa kiti cha mbele.

Baba yako