Gari dogo limeondoka

Baba na Mama,

Shikamooni. Huku hatujambo, na mjukuu wenu ameota jino la pili, kwa hiyo hatulali. Baba, kaa vizuri kwanza: ile Mazda nimeiuza.

Najua unacheka. Siku nilipowatumia picha yake uliniuliza Mama akija kututembelea atakaa wapi, kwenye buti? Mimi nikabadilisha mazungumzo, maana jibu sikuwa nalo.

Watu wakiona gari la viti viwili lisilo na paa hudhani ni la mbio. Wapi! Mazda MX-5 kama yangu, zile za mwanzo zilizotoka 1989 zenye taa zinazoinuka kama macho ya chura, zilianza na injini ya lita 1.6 tu. Kwenye barabara kuu magari ya familia yalikuwa yananipita na watoto wananipungia mkono. Utamu wake uko kwenye kona. Gari lenyewe jepesi, halizidi tani moja, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, nawe umekaa chini kiasi cha kuona lami inavyopita ubavuni mwako. Na ile gia, Baba! Fupi, unaisogeza kwa kiganja tu, tak, imeingia. Miaka sita nimekuwa nikitoka kazini napita njia ndefu makusudi, na mkwe wenu anajua, ila alininyamazia.

Halafu akaja mtoto. Kiti cha mtoto mchanga kinatazama nyuma, na hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu ukifumuka wakati wa ajali unakipiga kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Gari langu lina mfuko huo upande wa abiria na halina swichi ya kuuzima. Kiti cha nyuma ndicho hicho hakipo. Nilisimama pale nje nimebeba kiti mkononi kama mtu aliyekosea nyumba, nikakirudisha ndani. Hakuna aliyenilazimisha kuuza, msimlaumu mkwe wenu.

Sasa tuna Honda Jazz. Sura yake sina la kusema. Lakini aliyeliunda alikuwa na akili: tangi la mafuta amelificha chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kikalio cha kiti cha nyuma unakiinua kama kiti cha sinema, na sakafu yote inabaki wazi. Nasimamisha kigari cha mtoto wima, upande wa pili mtoto amelala kwenye kiti chake. Mara ya kwanza nilikiinua na kukishusha kama mara tano hivi, bila sababu. Mama, ukija utakaa kama malkia.

Waliokuja kuitazama Mazda walikuwa watatu. Wawili walipiga picha wakaondoka. Wa tatu, msichana mdogo tu, hakugusa hata usukani. Alipiga magoti kwenye maji ya mvua, akamulika tochi chini ya mlango, karibu na gurudumu la nyuma, akawa anapapasa kwa vidole. Hapo ndipo kutu huanzia, matundu ya kutolea maji ya turubai la paa yakizibwa na majani, na mimi mwaka juzi nilikuwa nimeyasahau. Akakuta kutu kidogo, akataka nipunguze bei, nikakubali bila ubishi. Mtu anayejua pa kupapasa atalitunza.

Alipoondoka nilijifanya nafagia uwanja.

Jana usiku ameniandikia kuniuliza kwa nini taa ya kushoto inachelewa kuinuka kuliko ya kulia. Nimemwambia ni uzee tu, ahesabu mpaka mbili, itakuja.

Nitawapigia Jumapili, huyu akilala.

Mwanenu