Sifuri si msimamo

Mwanangu mpendwa,

Nimeyasoma majibu uliyonitumia. Maswali ya kupima tabia yamekuita mtu wa katikati, si mwema wala si mwovu, nawe unauliza kama ndivyo ulivyo. Tuanze na hesabu yake.

Chukua maswali 10, kila moja lina alama kuanzia -2 (nakataa kabisa) hadi +2 (nakubali kabisa). Mtu anayejibu "sina hakika" mara 10 anapata 0. Anayekubali kabisa matano na kuyakataa kabisa matano mengine naye anapata 0. Huyu ana misimamo mikali, yule pengine amechoka tu kusoma, na wote wawili wanabandikwa jina moja. Hata hilo "sina hakika" lina mambo manne ndani yake: sijui, sijali, inategemea, sijaelewa swali.

Kisha kuna mpaka. Kama "mwema" anaanzia alama 5, mwenye 4 anabaki katikati, na jibu moja likisogea hatua moja tu, jina linageuka. Kwa hiyo rudia maswali baada ya wiki mbili bila kuchungulia majibu ya kwanza, halafu linganisha swali kwa swali. Jina liache kando.

Majina yenyewe yametoka katika mchezo wa kuigiza wahusika wa kubuni. Dungeons & Dragons ya 1974 ilikuwa na pande tatu: sheria, katikati na vurugu. Wema na uovu viliongezwa miaka michache baadaye, na pande hizo zilipounganishwa mbili mbili, kama "sheria na wema", zikapatikana aina tisa za tabia. Zilikusudiwa kumsaidia mchezaji aigize mhusika wake, si kumpima mtu aliye hai.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba maswali haya hupima unavyojidhania. Mwaka 1973 wanasaikolojia Darley na Batson walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa seminari ya Princeton, chuo cha dini huko Marekani, ambao njiani walipita karibu na mtu aliyejikunyata mlangoni akikohoa na kugumia. Kati ya waliokuwa na muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioharakishwa sana, asilimia 10 tu. Aina ya imani ya mtu haikutabiri nani angesimama. Haraka ndiyo iliyotabiri. Hakuna swali lako hata moja lililouliza kama umechelewa.

Kutoegemea upande wowote kupo kweli, lakini ni kazi ya mahali fulani na kwa muda fulani. Msuluhishi haegemei upande katika ugomvi anaousuluhisha. Mmoja akianza kumpiga mwenzake, kazi hiyo imekwisha, na akinyamaza amemsaidia mpigaji. Hapo hakuna katikati, mwanangu, na nisingependa neno la kwenye skrini likufanye uamini ipo.

Sasa chukua majibu yako yote ya "sina hakika". Mbele ya kila moja andika ni lipi kati ya yale manne, na kama ni "inategemea", andika inategemea nini hasa: nani anaumia, nani anajua, una muda gani. Anza na lile la kumficha rafiki ukweli ili asiumie, kisha unitumie uliyoandika.

Akupendaye,
Mama