Juu kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa niliamini walalamikaji wapo wa kutosha. Taarifa yenu ya Jumapili ile kuhusu majengo marefu ndiyo iliyonitoa kimyani. Nazungumzia ile iliyoipanga miji ya ukanda wetu kama msimamo wa ligi, Addis Ababa na Nairobi zikiwa juu na Dar es Salaam ikiwakimbilia nyuma, pamoja na picha ya mji wetu iliyopigwa kutoka upande wa Kigamboni.

Sina ugomvi na takwimu. Jengo la Benki ya Biashara ya Ethiopia lililozinduliwa Addis Ababa mwaka 2022 limepita mita 200, na Britam Tower ya Nairobi, iliyokamilika mwaka 2017, hutajwa kuwa na mita 200 kamili. Ila mwandishi wenu angetendea haki wasomaji kama angesema kwamba sehemu kubwa tu ya urefu huo wa Britam ni mlingoti uliosimikwa juu ya paa. Kama milingoti nayo inahesabiwa, basi tumwite fundi mmoja wa majahazi kutoka Kunduchi, atusimikie mlingoti juu ya jengo la Bandari, atufungie na tanga lake, na ubishi uishe kabla upepo wa kusi haujaanza.

Kilichonikera ni kwamba ukurasa mzima uliojaa mita na ghorofa haukuuliza hata mara moja ni nani, miongoni mwetu tunaoishi katika mji huu, aliyewahi kufika juu ya jengo mojawapo kati ya hayo. Mimi huvuka na pantoni karibu kila siku. Naiona picha yenu ile bila kununua gazeti: paa jekundu la Kanisa la Azania Front na mnara wa Mtakatifu Joseph, ambavyo zamani ndivyo vilivyomwonyesha nahodha kwamba amefika, na nyuma yake vioo vya yale majengo pacha ambayo bado tunayaita ya PSPF, ingawa mfuko wenyewe wa pensheni ulikwisha kuunganishwa na mingine kuwa PSSSF mwaka 2018. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka tisa, aliniuliza siku moja tukiwa katikati ya maji kama mtu akiwa juu kule anaweza kuiona nyumba yetu. Nikamwambia twende tukaangalie.

Jengo tulilolichagua silitaji, kwa sababu sidhani kwamba mengine yangetupokea kwa namna tofauti. Tuliingia mapokezi saa tano asubuhi, mtoto amevaa shati la sikukuu. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, aliniamkia shikamoo, akanisogezea daftari la wageni na kuniuliza ninakwenda ofisi gani. Nikamjibu kwamba siendi ofisi yoyote, ninakwenda juu. Akaniuliza, "Juu kwa nani, mzee wangu?" Nikamweleza kwamba siendi kwa mtu, ninampeleka mtoto aione bahari, na kwenye safu ya sababu ya ujio nikaandika hivyo hivyo: kutazama bahari. Alilisoma neno hilo mara mbili, akamwita mkubwa wake, naye akampigia simu mkubwa wake mwingine, na baada ya nusu saa ya kusimama tukaambiwa kwamba jengo lile ni la shughuli maalumu na kwamba bahari ipo pale chini, ng'ambo ya barabara, haina kiingilio. Tulipotoka, nikampanga mtoto mbele ya jengo nimpige picha ili asirudi nyumbani mikono mitupu, filimbi ikapulizwa: picha haziruhusiwi. Kwa hiyo, Mhariri, jengo ambalo gazeti lako linaniambia nijivunie kwa kuwa ni langu dhidi ya Wakenya, siruhusiwi kulipanda, na nikilitazama kwa muda mrefu kupitia simu yangu nafukuzwa kama mwizi wa kuku. Ghorofa pekee la mji huu ninaloweza kulishika kwa mikono yangu ni makao makuu ya Benki Kuu, yaliyochorwa kwenye noti ya shilingi 10,000, na hilo nalo huwa sikai nalo sana.

Ndiyo maana KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi lenye ghorofa 28 na umri wa zaidi ya miaka 50, linayashinda haya yetu yote bila kuongezewa hata tofali. Lilikamilika mwaka 1973, likapokea mkutano mkuu wa Benki ya Dunia mwaka huo huo, na limekwisha kupitwa kwa urefu na majengo kadhaa ya Nairobi kwenyewe, lakini mwananchi analipa pale chini, anapanda lifti, anamalizia kwa ngazi na kusimama juu ya paa. Nilifanya hivyo nilipokwenda kwenye harusi ya mpwa wangu. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda kwa nani. Carlton Centre ya Johannesburg, ya mwaka 1973 vilevile, iliongoza kwa urefu barani Afrika kwa zaidi ya miaka 40, nayo ghorofa yake ya 50 ilifunguliwa kwa watu kuutazama mji.

Wala sisi hatukuwa hivi. Hoteli ya Kilimanjaro ilipofunguliwa mwaka 1965 lilikuwa jengo la kuwaonyesha wageni, na mimi mwenyewe, nilipopata mshahara wangu wa kwanza, nilipanda hadi juu nikanywa soda mbili taratibu, nikiangalia meli zikisubiri zamu.

Tena nikiwa bado na kalamu: taarifa inayohesabu ghorofa ingekumbuka pia Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua zaidi ya watu 30, na lile lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024. Sitaki kuyaandika kwa wepesi. Na hao wanaopita salama kando ya maghorofa hayo wanadondokewa maji ya viyoyozi, maana pembezoni mwa barabara, palipopaswa kuwa pa waenda kwa miguu, yameegeshwa magari.

Pendekezo langu ni dogo. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa nne hadi saa saba mchana, jengo moja refu lifungue ghorofa yake ya juu kwa kiingilio cha shilingi 2,000, watoto nusu, na pale juu awekwe mtu mmoja anayeweza kumwonyesha mgeni lilipo Boma la Kale na kumwambia kwamba lilijengwa miaka ya 1860, zama za Sultani Majid. Kwenye daftari la wageni iongezwe sababu ya tatu baada ya "kikazi" na "binafsi", yaani "kutazama bahari", ili walinzi wasipate tabu ya kupiga simu.

Mjukuu wangu yuko darasa la nne na likizo yake inaanza Juni. Tungeshukuru kujibiwa kabla ya hapo.

Wako,
Mvuka Pantoni,
Kigamboni, Dar es Salaam