Barua kwa Mjomba: namba isiyobakiza samaki

Shikamoo Mjomba,

Siku ile mwaloni Igombe nilikuona unavyokereka. Watu sita, sangara ishirini na tano, na yule mmoja aliyebaki akazua maneno mpaka jua likawa kali. Nimekuletea namba isiyo na ugomvi huo: 381654729.

Ina tarakimu zote za 1 hadi 9, kila moja mara moja. Anzia kushoto. 38 wagawie watu wawili, hakibaki kitu. 381 kwa watatu, kila mtu 127. 3816 kwa wanne, 954. 38165 kwa watano. Nenda hivyo mpaka namba nzima kwa watu tisa. Akitokea wa kumi, bandika sifuri mwishoni, naye anapata.

Najua utasema nimeitoa kwenye simu. Kwamba ipo nilisikia kwa mtu, sikatai. Ila kuitafuta nimeitafuta mwenyewe, kwa kalamu, ndani ya meli ya Nansio, pembeni mwa daftari lako la madeni. Ndiyo maana ukurasa ule umechafuka. Usimgombeze mtoto.

Tarakimu tisa hupangika kwa namna 362,880, na safari haikuwa ndefu kiasi hicho. Lakini nyingi zinajiondoa zenyewe. Tarakimu ya tano lazima iwe 5. Ya pili, ya nne, ya sita na ya nane ni shufwa, basi witiri zinakaa kwingine. Kugawa kwa nne kunatazama tarakimu mbili za mwisho tu, na kwa kuwa ya tatu ni witiri, ya nne ni 2 au 6. Ukichanganya sharti la tatu na la sita, katikati panabaki 258 au 654, basi. Nane naye anachuja zaidi. Tisa hana neno: jumla ya zote ni 45, zipange utakavyo, kwake zitagawanyika.

Zikabaki kumi. Hapo ndipo saba alipoanza ukorofi, maana kwake sikuwa na ujanja; nilizigawa zote, tarakimu saba za mwanzo za kila namba, moja baada ya nyingine. 1472589, baki 6. 9876543 iliniuma, imejipanga vizuri kama askari, kumbe baki 5. Kisha 3816547: kila mtu 545,221, baki hakuna. Nilipiga kelele, mama mmoja mwenye tenga la kuku akanipa pole akidhani nimepata taarifa ya msiba. Kati ya zile kumi, ni hiyo peke yake iliyopita.

Jumamosi nikija nitaunakili ukurasa upya. Ila kabla hujamfuata jirani yako: ile sifuri ya mwisho kwenye deni lake ni yangu, nilikuwa najaribu ya mtu wa kumi. Anadaiwa 4000, si 40000.